Kipande Namba Kumi na Tisa

Eibar, bonde jembamba, milima imelibana mabega.
Manyunyu yalianza Jumapili, leo Alhamisi,
na mto Ego una rangi ya maji ya kuoshea masufuria.
Nafungua tanuri saa kumi na moja alfajiri.
Vipande ishirini vimelala humo usiku kucha
katika nyuzi mia tisa, havina cha kuvuta
ila naitrojeni, kavu, isiyo na harufu.

Viliingia vya kijivu. Vimetoka vya dhahabu.
Gaizka, ana wiki ya tatu kazini, anapiga mluzi:
"Oihane, tumekuwa masonara!"

Si dhahabu. Ni ngozi,
nyembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara ishirini,
titani iliyomeza naitrojeni ikakataa kuitema.
Naibonyeza kwa ncha ya almasi.
Kwenye kipande kibichi almasi iliacha shimo,
mia tatu hamsini.
Hapa imeacha nukta. Elfu moja mia nne na ushei.
Na kwenye gurudumu la msuguano, ambako titani tupu
hulika, hunata, humwaga unga mweusi kama masizi,
hiki kinasuguliwa tangu asubuhi
na bado naona pua yangu ndani yake.

Gaizka anaandika "bora" daftarini, anapiga mstari chini.
Nafuta.

Maana ipo mashine nyingine, ile ya pembeni.
Haikwaruzi, haichomi. Inapinda tu,
juu, chini, kidogo mno,
kama mtu anayeitikia kwa kichwa kila neno la tajiri wake,
mara hamsini kwa sekunde.
Titani ya kijivu, ile inayochubuka upesi,
iliitikia mara milioni kumi. Siku mbili na ziada.
Tukaizima sisi, yenyewe haijachoka.

Namba kumi na tisa naifunga saa sita mchana.
Tunakula mkate. Gaizka anasimulia habari za pikipiki.
Saa tisa na dakika ishirini na saba: tak.
Sauti ndogo, kama mtu amevunja njugu chumba cha pili.
Laki sita na elfu ishirini.

Chini ya hadubini ufa haufichi ulikozaliwa:
juu kabisa, kwenye ile dhahabu.
Ngozi haikujua kupinda, ikapasuka,
na mwili ukaufuata ufa kama mbuzi afuatavyo kamba.
Ndani nako, chembe zilizokaa motoni usiku kucha
zimenenepa, zimeachiana mikono.

"Sasa niandike nini?"
Andika namba, Gaizka. Zote mbili.

Baba yangu, Eustasio, alipiga tupa miaka thelathini na mmoja
kwenye kiwanda cha cherehani. Siku walipofunga lango
alirudi nyumbani, akatundika koti, akaomba chumvi.
Majirani walimsifu: huyu hatikisiki.
Mama alipofariki alisimama kaburini jicho kavu,
nami nikajivunia, Mungu anisamehe.
Kisha Jumatano moja, jikoni, kifuniko cha chupa ya zeituni
kilimkatalia.
Aliketi sakafuni akalia hadi taa za barabarani zikawaka.

Fundi wa viungo kule Bilbo anataka nyonga
isiyolika na isiyovunjika, na anaitaka kabla ya Pasaka.
Kesho nitajaribu plazima, ule moto wa zambarau,
nyuzi mia sita na hamsini, saa chache.
Ngozi itapungua, ugumu utashuka, najua.
Na shingo ya nyonga, pale inapopinda kila hatua,
nitaifunika isiguswe, ibaki ya kijivu.
Labda itafika milioni tano. Labda haitafika.

Jioni napanda ngazi na sufuria ya supu ya vitunguu.
Baba ananiuliza kama mvua imekatika.
Bado, namwambia.
Nachukua chupa ya zeituni, nalegeza kifuniko nusu,
kisha namrudishia mkononi.